Walinzi Waliosahau Sura ya Adui

 

Tufungue Nehemia, sura ya 4. Maadui walipopanga kushambulia Yerusalemu, Nehemia na watu wake walifanya mambo mawili pamoja: waliomba, na waliweka walinzi usiku na mchana. Hawakuona kwamba moja linavunja lingine. Leo tutazame walinzi ambao Mungu amewaweka ndani ya mwili wako.

Wanaitwa chembe nyeupe za damu. Wanazaliwa ndani ya uboho wa mifupa, wanatembea katika damu na katika tezi. Mwiba ukikuchoma, wa kwanza kufika wanameza vijidudu, na wengi wao wanakufa palepale. Usaha unaouona kwenye kidonda, sehemu kubwa ni maiti za askari hao. Nyuma yao wanakuja wengine wanaotengeneza kingamwili, yaani silaha iliyopimwa kwa adui mmoja. Vita ikiisha, baadhi yao wanabaki miaka mingi wakikumbuka sura yake. Siku akirudi, wanamtambua mapema.

Sasa sikilizeni vizuri, baba na mama. Kuna adui anayewapiga walinzi wenyewe. Ni surua. Virusi vyake vinaingia ndani ya chembe zinazotunza kumbukumbu na kuziua. Mwaka 2013 surua ilizuka Uholanzi, katika jamii za Wakristo ambao wengi wao hawachanji watoto kwa sababu ya imani. Wataalamu walipima damu ya watoto 77 wasiochanjwa, kabla ya ugonjwa na baada yake. Mwaka 2019 walitangaza walichoona: watoto hao walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili zao mbalimbali. Mwili ulikuwa umesahau maadui uliokwisha kuwashinda.

Na hapa kwetu Kongo, tangu mwanzo wa 2019 hadi mwanzo wa 2020, surua iliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo.

Kwa nini ninalisema hili kanisani? Kwa sababu mtoto anapona vipele, wazazi wanatoa ushuhuda, tunapiga vigelegele. Wiki chache baadaye mtoto huyo anashikwa na nimonia au kuhara, anakufa. Ndipo maneno yanaanza: nani alituonea wivu? Bibi yake alimshika kichwa kwa nini? Na mama mzee anafukuzwa nyumbani kama mlozi. Wapendwa, bibi hana kosa! Walinzi wa mtoto walikuwa wamepigwa na surua. Mtu akija kukutajia jina la jirani katika maombi, usilipokee jina hilo.

Basi tufanye nini?

Kwanza, mtoto akitimiza miezi 9, mpeleke achanjwe, na urudi kwa dozi ya pili siku utakayopangiwa. Chanjo inawaonyesha walinzi sura ya surua bila kuwafutia kumbukumbu ya maadui wengine.

Pili, mtoto akishikwa na surua, usimfungie katika chumba cha maombi. Mpeleke kituo cha afya. Atapewa vitamini A siku mbili mfululizo, nayo inalinda macho yake na uhai wake. Endelea kumnyonyesha, mpe uji na maji.

Tatu, vipele vikiisha, usilale. Kwa miezi mingi bado walinzi wake ni wachache wa kumbukumbu. Ukiona anapumua mbio, anahara, sikio linatoa usaha, au anakataa titi, usingoje ibada ya Jumapili. Mbebe mgongoni uende siku hiyohiyo. Omba ukiwa njiani. Mungu anasikia hata barabarani.

Ndugu yangu, kumpeleka mtoto kwa muuguzi si kukosa imani. Watu wa Nehemia waliomba, na walinzi wao hawakuondoka ukutani.

Bwana awalinde watoto wetu, na atupe sisi wazazi macho ya kuona mapema. Amina.