Hofu na Hadhari: Watumishi wa Afya wa Kinondoni na Temeke Mbele ya Homa ya Ini



Tangu mwaka 1983, maradhi ya UKIMWI yalipobainika nchini mwetu kwa mara ya kwanza huko Kagera, mtumishi wa afya ameishi na hofu moja iliyozishinda nyingine zote, nayo ni ya kuchomwa na sindano iliyokwisha kutumika. Hofu hiyo imeleta kheri nyingi, kwani ndiyo iliyotuzoesha kuvaa glavu, kutenga sanduku la vitu vyenye ncha kali, na kukimbilia dawa za kinga kabla ya saa 72 kupita, kisha kuzimeza siku 28 bila ajizi. Lakini imetushughulisha mno, hata tukaghafilika na adui mwingine atokaye katika damu ile ile, naye ni homa ya ini aina ya B.

Natutazame hesabu. Katika watu 1,000 waliochomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi vya UKIMWI, pasipo dawa za kinga, wataambukizwa kiasi cha 3; damu ikiwa ya mwenye homa ya ini B, nao hawana kinga, wataambukizwa kati ya 60 na 300. Fauka ya hayo, kirusi hiki huweza kudumu siku 7 katika tone lililokauka juu ya kitanda cha kujifungulia. Ni kweli kwamba mtu mzima aghalabu huyashinda maradhi haya, na katika 100 hawazidi 5 wanaobaki nayo. Ila hao wachache huyabeba kimya miaka mingi, mpaka ini linaposinyaa au kuota saratani, na siku hiyo hakuna aikumbukaye sindano ya zamani.

Anayezijua wodi za wazazi za Mwananyamala, Temeke au Mbagala Rangi Tatu hatashangaa ajali zikitokea. Mkunga wa zamu ya usiku, akiitwa na mama huyu ilhali yule kichwa cha mtoto kimekwisha kuonekana, huirudishia sindano kifuniko kwa mikono miwili, japo alifundishwa asifanye hivyo. Na alfajiri mfagizi hubeba mfuko wa taka asijue kwamba ndani yake umo wembe. Akichomwa, mara nyingi hunyamaza. Hanyamazi kwa ujinga: anajua kwamba akitoa taarifa atapimwa, tena apimwe na mwenzake wanayekula naye mchana, na majibu yakiwa mabaya hana yakini kwamba siri itakaa. Mimi naiona hofu hii ya macho ya wenzake kuwa nzito kuliko hofu ya maradhi yenyewe, na wakuu wa vituo wasipoihifadhi siri ya mtumishi kama waihifadhivyo ya mgonjwa, mabango yote ya ukutani ni kazi bure.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni kwamba chanjo ipo, na watoto wachanga wa nchi hii wanaipata tangu mwaka 2002. Muuguzi wa kliniki ya Tandale aliyezaliwa kabla ya mwaka huo huwachanja watoto wa watu kutwa nzima, naye mwenyewe, asipoitafuta kwa hiari yake, hana kinga hiyo.

Kwa hiyo nawasihi viongozi wa Manispaa zetu waliomo humu ukumbini: mtumishi mpya achanjwe kabla hajakanyaga wodini, akamilishe sindano zake 3, ya mwanzo, ya baada ya mwezi na ya baada ya miezi 6, asitozwe hata senti moja, na mfagizi aandikwe katika daftari lile lile la daktari.