Mafuta ya Breki Yanakwenda Wapi?



Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kifungu cha 8, mna sheria tusiyoisoma mara nyingi. Inamtaka mjenzi wa nyumba aweke kizuizi pembezoni mwa paa, mtu asije akaporomoka na mwenye nyumba akabeba lawama ya kifo chake. Siku hizi wengi wetu hatubarizi juu ya paa. Lakini tunapanda pikapu.

Hapa Ganjoni pikapu kuukuu ni msaada wa watu wengi. Zile Peugeot 504, zilizokuwa zikiunganishwa nchini Kenya hadi mwaka 2004, na Toyota na Datsun za rika lao, nyingine zingali kazini. Zinapakia vyombo vya anayehama, viti vya arusi, na hata wafiwa. Kivuko cha Likoni ki karibu nasi. Pale gari hushuka mteremko kuelekea feri, na mbele yake pana watu wa miguu, mikokoteni na bahari. Dereva anategemea kanyagio la breki.

Basi, mafuta ya breki yakipungua kikoponi, watu hufanya nini? Hununua kichupa, wakajaza, wakaenda zao. Juma lijalo hujaza tena.

Ndugu, breki haili mafuta yake kama injini inavyokula petroli. Mafuta yale yamefungiwa mabombani ili yapeleke nguvu ya mguu magurudumuni. Yakishuka kidogo sana kwa miezi mingi, huenda bitana za breki zimelika. Yakishuka kwa siku chache, yanavuja. Sharti tutafute yanapokwenda.

Kwanza, usiku tutandaze karatasi ngumu chini ya gari. Oili ya injini iliyotumika huwa nyeusi. Mafuta ya breki ni mepesi, yanateleza, na huchubua rangi ya gari.

Pili, tutazame upande wa ndani wa kila gurudumu. Pakiwa pamelowa, huenda mipira ya silinda ndogo iliyomo ndani ya ngoma imechoka.

Tatu, tuyafuate mabomba ya chuma toka mbele hadi nyuma. Hewa ya chumvi ya pwani huyala kwa kutu, hasa penye vibanio panapokaa uchafu. Tuikague pia mipira inayopindapinda karibu na magurudumu.

Nne, gari likiwa limesimama na injini inanguruma, tukanyage breki kwa nguvu moja, tusubiri. Kanyagio likizama polepole na hatuoni palipolowa, fundi aikague masta silinda. Huenda inavujia nyuma, katika kile chungu kinachoongeza nguvu ya breki, na chini lisidondoke hata tone. Au mafuta yanapenya ndani kwa ndani, wala kikopo kisipungue.

Ikiwa hivyo, gari lisiendeshwe. Fundi aitwe, au gari livutwe. Wala tusitie oili ya injini badala ya mafuta ya breki, kwani huvimbisha mipira na kuharibu breki zote. Na fundi akimaliza, atoe hewa yote mabombani, maana hewa hubonyea chini ya mguu, na breki isishike.

Kichupa ni rahisi kuliko silinda, ndiyo maana hupendwa. Lakini kujaza si kutengeneza. Mama aliyeketi nyuma ya pikapu na mtoto mapajani hakukiona kikopo. Ametuamini tu. Mgeni juu ya paa naye hakujua penye hatari. Aliyejua ni mwenye nyumba, na sheria ilimwambia yeye. Hali kadhalika, mwenye gari ajuaye kuwa mafuta yanapungua hawezi kusema baadaye kwamba ilikuwa ajali tu.

Kesho, kabla ya kuwasha gari, tufunue boneti tutazame. Mungu atujalie kuyatunza maisha ya jirani zetu. Amina.