Moshi Ndani ya Kituo cha Zimamoto



Zinapotajwa hatari za kazi ya zimamoto, watu huwaza paa linaloporomoka, mtungi wa gesi unaolipuka, au nyumba ya nyasi iliyoshika moto wakati wa kiangazi na maji yako mbali. Hatari hizo ni za kweli, na kila mtu anazijua. Iko nyingine ambayo haipigiwi king'ora. Humngoja askari katika banda lile lile linalolaza gari, nayo ni moshi wa dizeli.

Gari la zimamoto ni zito na breki zake ni za upepo. Likilala usiku kucha upepo ukapungua, haliwezi kuondoka mpaka injini ingurume kwanza na kuujaza upya. Dakika hizo chache ndizo mbaya kupita zote, kwa kuwa injini ya baridi haichomi mafuta sawasawa. Tarime iko juu, kiasi cha meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya alfajiri ya huko haina haja ya kuelezwa kwa wenyeji. Baridi hiyo hiyo ndiyo inayowashawishi walio zamu wafunge milango. Wala jambo hili si la siku ya moto tu. Zamu zinapopokezana gari hukaguliwa: injini, taa, king'ora, pampu. Wiki nzima yaweza kupita bila moto, lakini ukaguzi haupiti.

Moshi huo haubaki bandani. Hupenya chini ya mlango mpaka chumba cha kulala, na masizi yake hutua juu ya makoti na kofia za kazi zilizotundikwa kando ya gari, ambazo baadaye askari atazivaa na kuzitolea jasho.

Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyomletea binadamu saratani, hasa ya mapafu. Mwaka 2022 shirika hilo likaiweka kazi yenyewe ya zimamoto katika kundi hilo hilo. Ni kweli kwamba askari hukutana na sumu nyingi motoni, na moshi wa gari ni sehemu tu ya mzigo huo. Lakini moto haumwulizi mtu apendalo. Banda la gari limejengwa na watu, na watu wanaweza kulirekebisha.

Kwa wananchi wa Tarime habari hii isionekane ya mbali. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulichunguza wafanyakazi zaidi ya 12,000 wa migodi 8, ukaonyesha kwamba waliovuta moshi wa dizeli kwa wingi walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu. Kule Nyamongo, katika machimbo ya chini ya ardhi ya mgodi wa North Mara, kuingiza hewa safi ni sehemu ya kazi, maana bila hiyo hakuna anayeweza kufanya kazi shimoni. Banda lililofungwa milango nalo ni shimo, ila liko juu ya ardhi.

Katika nchi tajiri, vituo vingi vina mpira mkubwa unaoshika bomba la moshi la gari. Feni huuvuta moshi hadi nje, na mpira hujiachia wenyewe gari likivuka mlango. Chombo hicho ni kizuri, lakini kinataka umeme, vipuri na fundi. Wilayani, kikiharibika pasipo fundi, kitabaki pambo la ukutani. Kukingoja huku askari wanaendelea kuvuta moshi ni uzembe, kwa kuwa yapo mengi yasiyohitaji fedha za kigeni. Milango ifunguliwe kabla ya ufunguo kuzungushwa. Gari litolewe nje ndipo likaguliwe, na pampu ijaribiwe uwanjani. Mashine ndogo ya umeme yaweza kulijazia gari upepo likiwa limezimwa, hata likaondoka mara moja. Nguo za kazi ziwe na chumba chake. Nozeli na filta zitazamwe kabla gari halijaanza kutoa moshi mweusi. Na pampu ndogo za petroli zisiwashwe ndani hata kidogo: zinatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo humwua mtu upesi bila kumngoja azeeke.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya yatalichelewesha gari. Mlango ulio na bawaba nzima hufunguliwa wakati askari wanavaa. Wengine, hasa madereva wa siku nyingi, hujivunia kuwa wameuzoea moshi. Pua ndiyo iliyozoea. Mapafu hayana mazoea hayo.

Kutoka Musoma mpaka Mugumu ni zaidi ya kilomita 100, na nyumba inayoungua haiwezi kungoja gari la makao makuu ya mkoa. Kwa hiyo huduma hii lazima iwe wilayani, na kila mchoro wa kituo uonyeshe mapema bomba la moshi litaelekea wapi na kitanda cha askari kitakaa wapi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003. Si ngeni tena. Anayekwenda kukagua afike alfajiri, gari linapowashwa, asifike saa nne ya asubuhi milango ikiwa wazi na sakafu imekwisha pigwa deki.