Katiba isiishie kwenye kaye: maneno yetu kwa vijana wa Muheto



Leo tunasema ju ya somo la uraia. Mwalimu anaandika ubaoni kwa Kifaransa, watoto wanakopi kwenye kaye, wanafanya mtihani, wanapata pointi, basi. Kisha mtoto yule yule anaenda sokoni na mama yake, wanakuta kamba njiani, mama analipa, na hakuna anayejua kama ile ni kodi ao ni wizi.

Jibu liko ndani ya Katiba ya 18 Februari 2006. Kifungu cha 174: kulipa kodi ni wajibu, lakini kodi inawekwa na sheria tu. Kifungu cha 16: hakuna mtu wa kutumikishwa kwa nguvu, salongo ya fimbo si salongo. Kifungu cha 18: ukikamatwa, unaelezwa mara moja sababu, tena kwa lugha unayoelewa, na polisi haiwezi kukushika kupita saa 48 bila kukufikisha kwa wenye sheria.

Tunajua, mbele ya bunduki kifungu si ngao. Hatuwaambie mkabishane kwenye bariere. Lakini anayejua haki yake anaweka alama: siku gani, mahali gani, pesa ngapi. Siku ya kuuliza hesabu ikifika, tutakuwa na ushahidi, si manung'uniko tu.

Tena, tarehe 20 Desemba 2023 nchi ilipiga kura, lakini Masisi na Rutshuru hawakupiga, ju ya vita. Kijana anayekomaa bila kuona kura, atajifunzia wapi kwamba kiongozi anachaguliwa? Kama si kalasini, atafundishwa na wenye silaha.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Leta itimize kifungu cha 45, kinachoilazimisha kufundisha Katiba. Vitabu vifike shuleni na kwenye kambi za wakimbizi, na kwa Kiswahili.

Walimu, mkimaliza kuandika Kifaransa, elezeni kwa lugha ya nyumbani, na mfano wa hapa kwetu.

Na sisi vijana tusingojee. Watu watano, kifungu kimoja kila juma, na kila mmoja amweleze mama yake. Kazi hiyo haiombe pesa wala ruhusa.