Wahenga Wetu Walikuwa na Majina

Hotuba ya muuguzi, mwanajumuiya, kwenye hafla ya kusherehekea Uhuru, 9 Desemba

  

Kamati ilipotuomba tuseme machache, tulidhani tunaitwa kuzungumzia presha na chumvi kama miaka yote. Safari hii tukapewa neno moja tu: wahenga. Tulicheka. Muuguzi na wahenga, wapi na wapi? Lakini kadiri tulivyolifikiria neno hili tukiwa zamu za usiku, ndivyo tulivyoona kwamba linatuhusu sana, na kwamba sisi tunaoishi huku ugenini tuna deni nalo.

Tuanze na neno lenyewe. Kamusi zinatueleza kwamba mhenga ni mtu wa kale mwenye busara. Ndiyo maana methali zetu hutanguliwa na "wahenga walisema". Ukishatamka hivyo, hakuna wa kubisha. Mama akitaka kijana aweke simu chini, atasema wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mweka hazina wetu akitaka ada ya mwaka, atasema wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Wahenga hawana nafasi ya kujibu kama kweli walisema au hawakusema. Kila mmoja wetu amewahi kuwatumia pale hoja yake mwenyewe ilipokuwa dhaifu.

Halafu kuna matumizi ya siku hizi. Vijana wa nyumbani, hasa mitandaoni, wanatuita sisi wenye miaka arobaini na kitu "wahenga". Ukikumbuka kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania Dar es Salaam, wewe ni mhenga. Ukikumbuka Pwagu na Pwaguzi, au kurudisha utepe wa kaseti kwa kalamu ya Bic, au kungoja barua mwezi mzima kwenye sanduku la posta la shule, basi wewe ni mhenga mkongwe. Mwanzoni tuliona tunatukanwa. Baadaye tukaona kuna heshima ndani ya utani huo, kwa kuwa anayekuita mhenga anakubali kwamba ulikuwepo na una la kusimulia. Swali ni je, tunasimulia?

Neno hili lina jamaa zake. Kuna mababu, ambao ni wa damu yako. Kuna jadi, neno lililotujia kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni babu. Kwa hiyo tukisema mila na jadi tunamtaja babu hata bila kujua. Kuna waasisi, ambao ni wa taifa zima. Na kuna mizimu, neno ambalo wengi wetu tunaliogopa. Hapa ukumbini tuna Waislamu na Wakristo, na hatukuja kumfundisha mtu dini. Tunasema tu kwamba kuwajua waliotutangulia si kuwaabudu. Tunasoma hitima, tunaomba misa za marehemu, na msiba ukitupata tunahesabu siku arobaini. Zote hizo ni njia za kusema kwamba aliyekufa bado ni wetu.

Watoto, sikilizeni na hili. Kiswahili kina majina mazuri ya kushuka chini. Mtoto wa mtoto ni mjukuu. Mtoto wa mjukuu ni kitukuu. Mtoto wa kitukuu ni kilembwe. Lakini kupanda juu tuna babu na bibi, na baada ya hapo tunaanza kusema "baba yake babu", "mama yake bibi", kisha tunachoka na kuwaita wote wahenga. Na mkienda Kenya msishangae bibi akiitwa nyanya. Kwetu nyanya ni ya kwenye mchuzi, kwao ni mtu wa kuamkiwa.

Hapo kwenye kuchoka ndipo tunapotaka kusimama jioni ya leo.

Tunasherehekea 9 Desemba 1961. Siku ile Mwalimu Nyerere alikuwa na miaka 39. Bibi Titi Mohamed, aliyezunguka kuwaingiza wanawake TANU, alikuwa katikati ya miaka ya thelathini. Sisi tunaosimama hapa leo tumewazidi umri. Picha za kwenye ukuta wa ukumbi zimewafanya waonekane wazee tangu kuzaliwa, lakini walikuwa vijana wenye hofu, wasiojua kesho itakuwaje. Mhenga hakuzaliwa mhenga. Alikuwa mtu wa kawaida aliyefanya jambo, na waliomfuata wakalikumbuka.

Kukumbuka huko kuna gharama. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijipiga risasi mwaka 1898 kuliko kukamatwa na Wajerumani. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mwaka 1919, Mkataba wa Versailles, ule uliomaliza vita vya kwanza vya dunia, uliweka kifungu cha kudai fuvu hilo lirudishwe. Fikirini: mataifa makubwa yamekaa kugawana dunia, na ndani ya karatasi zao kuna fuvu la mhenga wetu. Hata hivyo lilirudi mwaka 1954 tu, mwezi Juni, na leo lipo Kalenga, Iringa. Aliyelipokea ni mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baada ya uhuru alikuja kuwa Spika wa Bunge letu. TANU ilizaliwa Julai 7 mwaka huohuo, wiki chache tu baadaye. Wapo mababu wengine ambao mabaki yao hayajarudi hadi leo. Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani alikwenda Songea, akaomba msamaha mbele ya kizazi cha wale walionyongwa wakati wa Vita vya Majimaji.

Kwa nini Wahehe walingoja zaidi ya miaka hamsini? Kwa sababu walikuwa na jina. Walijua wanamdai nani. Asiye na jina hadaiwi.

Sasa turudi nyumbani kwetu, huku Uingereza. Fomu za Tanzania zinauliza majina matatu: lako, la baba na la babu. Tukifika huku, lile la tatu linageuzwa kuwa jina la ukoo, na mtoto akizaliwa analibeba hilohilo. Kwa hesabu ya nyumbani lingekuwa limeshaondoka, likaingia la babu yake mtoto. Huku limeganda. Kwa hiyo, watoto, jina lenu la mwisho linapoitwa shuleni, kwa wengi wenu anayeitwa ni mzee mmoja, baba yake babu yenu, na ninyi ni vitukuu vyake. Na kina mama waliobaki na majina yao wanaulizwa uwanja wa ndege kwa nini hawafanani jina na watoto wao. Jibu ni kwamba kila mmoja amembeba babu yake. Tunalibeba jina la mzee huyo kwenye pasipoti, kwenye kadi ya benki na kwenye barua za hospitali. Ni wangapi tunajua alikuwa mtu wa wapi, alifanya kazi gani, na alikufa kwa nini?

Swali hilo la mwisho ndilo lililotukuta sisi wenyewe.

Tulisoma shahada ya uuguzi hapa hapa Uingereza, na tangu tumalize tumewauliza watu maelfu swali moja: "Katika familia yenu kuna aliyewahi kuwa na kisukari, presha, kiharusi, kansa?" Tunauliza, tunaandika, tunaendelea. Miaka michache iliyopita tukajikuta tumekaa upande wa pili wa meza. Kichwa kilikuwa kinauma, tukapimwa presha, ikawa juu sana. Muuguzi mwenzetu, binti mdogo, akauliza swali letu lilelile. Tukajibu haraka: "Hapana, hakuna."

Jioni tulimpigia shangazi nyumbani, Soni, kule Lushoto. Tukamwuliza kama kuna mtu wa ukoo aliyewahi kupata kiharusi. Akasema hakuna. Tukabadilisha swali: "Shangazi, bibi alianza kuumwaje?" Akasema, "Mama? Si alianguka akitoka kuteka maji, mdomo ukaenda upande, mkono ukafa. Alipigwa na upepo mbaya, mwanangu. Na mjomba wetu vilevile, na mdogo wake." Watu watatu. Hadithi ya upepo mbaya tuliisikia tangu utoto, tena tuliisikia tukiwa tumekaa kwenye mkeka wa bibi mwenyewe. Tukaja kusoma kiharusi darasani, tukafaulu mtihani, na hatukuwahi kuunganisha.

Binti yetu alikuwa anasikiliza. Akauliza, "Mama, huyo bibi alikuwa anaitwa nani?" Tukasema, "Bibi wa Soni." Akasema, "Hapana, jina lake." Hatukulijua. Mtu aliyetulea likizo zote, aliyetupa ugonjwa wake na pengine uvumilivu wake, hatukulijua jina lake. Ilibidi tumpigie shangazi mara ya pili.

Ndugu zangu, tunajua kwa nini iko hivi. Kwetu hatuulizi mzee alikufa kwa nini. Ni utovu wa adabu. Tunaambiwa alizidiwa, alipumzika, Mungu alimpenda zaidi. Na bibi hatumwiti jina lake. Hiyo ni heshima na tusiitupe. Ila heshima ileile inaweza kuuliza kwa njia nyingine. Usiulize "alikufa kwa ugonjwa gani". Uliza "alikuwa akilalamika nini siku zake za mwisho?" Akikwambia alikuwa na kiu sana, anaamka usiku mara nyingi kwenda haja ndogo, na kidonda cha mguu hakikupona, hapo fikiria kisukari. Akikwambia babu alisumbuka na mkojo, kisha mgongo ukamuuma hadi akashindwa kutembea, hapo wanaume mwulize daktari kuhusu tezi dume. Hapa Uingereza, mwanamume mweusi 1 kati ya 4 hupata kansa hiyo maishani mwake, na hatari huongezeka ikiwa baba au kaka aliipata. Hatusemi haya kuwatisha wala kutoa ugonjwa kwa kubuni kupitia simu. Tunasema mpelekee daktari hadithi hiyo, naye atajua cha kupima.

Kina mama vijana, mkienda kliniki ya wajawazito hapa England mnapewa fomu inayouliza asili ya familia ya mama na ya baba wa mtoto. Wengine hukasirika: "Mbona wanatuuliza tumetoka wapi?" Si ubaguzi. Wanatafuta sikoseli na magonjwa ya damu yanayofanana nayo. Mababu zetu waliishi na malaria kwa karne nyingi, na mtu aliyerithi chembe ya sikoseli kwa mzazi mmoja tu alikuwa na kinga fulani dhidi ya malaria kali. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliandika jambo hilo mwaka 1954 baada ya kupima damu za watu wa Afrika Mashariki. Lakini baba na mama wote wawili wakiwa nayo, kila ujauzito una uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Katika familia zetu wapo watoto waliosemwa kwamba "walikuwa dhaifu", au kwamba wamerogwa, wakazikwa wadogo, na hawatajwi tena. Nao watajwe. Huenda kutajwa kwao kukamwokoa mtoto wa leo.

Basi tunaomba jambo moja kwa kila familia iliyopo hapa. Kabla ya Uhuru wa mwakani, nunueni daftari. Mwandike majina ya mababu na mabibi wote mnaoweza kuwafikia, majina yao kamili. Mwandike walizaliwa wapi, walifanya kazi gani, walipenda kusema nini, na waliumwa nini. Watoto ndio washike kalamu, wazazi washike simu. Mkimpigia bibi kwa WhatsApp, mwombeni ruhusa mrekodi sauti yake. Msingoje likizo ijayo. Sisi shangazi yetu tulimpigia mara mbili usiku ule, na mwaka uliofuata hakuwepo tena. Majina ya wazazi wa bibi tulikuwa tumepanga kumwuliza tukienda.

Watoto, daftari hilo litawasaidia siku mwalimu akiwataka mchore ukoo wenu, na wenzenu wanafika hadi karne ya 19 wakati ninyi mmeishia kwa babu. Litawasaidia mkiwa mbele ya daktari, sisi tukiwa hatupo. Na siku moja, mkiwa wakubwa, mtataka kusema "wahenga walisema". Tungependa mseme na jina: bibi yetu fulani, binti wa fulani, wa Soni, wa Kilwa, wa Bukoba, wa Makunduchi, alisema hivi.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Leo tunasherehekea kuwa huru, na hatutaki watoto wetu waukose uhuru huo kwa sababu sisi tulichoka kuandika.

Daftari zipo mezani pale mlangoni, kamati imezilipia. Chukueni moja moja kwa kila familia kabla chakula hakijaanza, maana pilau likishafika tunajuana.