Kabla ya Kumfunga Kamba Mtoto Mwenye Usonji

Matini ya mazungumzo kwa wazazi, walezi, walimu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii katika kata za delta



Katika vijiji vya delta, kuanzia Nyamisati hadi ng'ambo ya vijito vya Mbuchi na Maparoni, mtoto hukua akiwa hatua chache kutoka majini. Kwa mzazi wa mtoto mwenye usonji, ujirani huo ni wa kuogofya. Mtoto wa namna hiyo aweza kuchomoka nyumbani ghafla, asiitike anapoitwa, wala asihofu kina cha maji. Nchini Marekani, ambako vifo vya aina hii vimechunguzwa, kuzama kumeonekana kuwa miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto wenye usonji wanaotoroka nyumbani. Basi mama anayekwenda kupalilia mpunga, naye hana wa kumwachia mwanawe, humfunga kamba kwenye nguzo ya dungu. Anayeharakisha kumhukumu mama huyo hajawahi kulazimika kuchagua kati ya kamba na mto. Hata hivyo, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtendea mtoto kwa ukatili, na kamba, licha ya kumuumiza, haimfundishi lolote. Siku inapokatika, mtoto hukimbia vilevile.

Usonji si jini, si laana, wala si matokeo ya malezi mabaya. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano, mahusiano na namna mtoto anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Kwa watoto hawa ipo elimu iitwayo uchambuzi wa tabia, iliyojengwa juu ya kazi ya mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner. Huko Marekani, mhudumu wa ngazi ya mwanzo hupewa mafunzo ya saa 40, kisha hufanya kazi chini ya msimamizi. Katika delta, aghalabu kazi hiyo humwangukia bibi. Misingi yake, kwa bahati njema, haihitaji mashine.

Msingi wa kwanza ni kwamba tabia hujirudia kwa sababu inaleta kitu. Anayetaka kuielewa hutazama mambo matatu: kilichotangulia, mtoto alichofanya, na kilichofuata papo hapo. Huandika kinachoonekana tu. “Alikuwa mkorofi” si taarifa. “Alikimbia kuelekea gatini saa nne asubuhi” ndiyo taarifa. Asiyejua kuandika aweza kuweka makopo mawili na kutumbukiza korosho moja kila tukio linapotokea, kopo moja la asubuhi na jingine la jioni. Jioni anahesabu.

Na uchukuliwe mfano wa mtoto wa miaka saba. Kwa siku saba mama yake anaandika, na anakuta kwamba amekimbilia mtoni mara kumi na moja, na katika mara tisa kati ya hizo wanawake walikuwa wamekwisha kuanza kutwanga mpunga karibu na nyumba. Hapo sura ya jambo inabadilika. Mtoto hakuwa akivutwa na maji, bali alikuwa akifukuzwa na mlio wa kinu. Mtoni kuna ukimya, na ukimya huo ndio malipo yake. Kumchapa kusingemfundisha mahali pengine pa kuupata.

Mtoto wa pili aweza kukimbia vilevile kwa sababu tofauti kabisa: kila akikimbia, kijiji kizima humfuata kwa makelele, na kwake huo ni mchezo. Wa tatu anataka kupanda boti. Wa nne anapenda tu mguso wa maji mwilini. Tabia ni moja, sababu ni nne, na dawa ya mmoja yaweza kumharibu mwingine. Hii ndiyo sababu ushauri wa jirani, hata uwe wa nia njema kiasi gani, hautoshi.

Kwa mtoto wa kinu, hatua ya kwanza ni kukihamisha kinu. Ya pili ni kumfundisha njia salama ya kuomba ukimya, kwa mfano kumkabidhi mama kipande cha ubao. Mwanzoni mama humshika mkono na kumwongoza. Baadaye humgusa kiwiko. Mwishowe huuonesha ubao kwa macho tu. Kila mtoto anapoutoa, apelekwe chini ya mkorosho penye utulivu wakati huohuo, si baada ya kumaliza kupika. Malipo yanayochelewa hufunza jambo jingine.

Lipo jambo linalowavunja moyo wengi. Mtoto aliyezoea kupewa pipi kila anapolia dukani, siku anapoacha kupewa hulia zaidi kabla ya kupunguza. Mzazi akishindwa siku ya tatu na kumpa, amemfundisha kwamba kilio kikubwa ndicho kinacholipa. Lakini angalizo: kutojali huku hakutumiki kamwe kwa tabia ya hatari. Anayekimbilia majini afuatwe mara moja, kimya kimya, bila vicheko. Wakati mafunzo yakiendelea, uwekwe uzio, mlango ufungwe kengele, majirani waelezwe, na mtoto afundishwe kuogelea.

Haifai kuficha kwamba elimu hii ina historia yenye doa. Katika miaka ya 1960, Ole Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California alitumia hata mishtuko ya umeme kwa watoto. Leo wapo watu wazima wenye usonji wanaolalamika kwamba walifundishwa kuficha walivyo. Malalamiko yao ni ya haki. Mtoto anayepunga mikono au kuyumbayumba anapofurahi hamdhuru yeyote, aachwe apunge. Kinachostahili kubadilishwa ni kile kinachomhatarisha au kumzuia kusema anachotaka.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtambua mtoto huyu kuwa na haki ya elimu, na Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha hufunza walimu wa elimu maalumu. Mzazi anayekwenda kwa afisa ustawi wa jamii, kituo cha afya au shuleni aende na daftari lake, kwa kuwa kumbukumbu za siku saba humsaidia mtaalamu kuliko maelezo marefu. Katika siku hizo saba za kuandika, kitu chochote nyumbani kisibadilishwe kwanza, isipokuwa ulinzi wa majini, ambao unaanza leo.