Mwanga, Dhahabu na Molekuli Igeukayo

Sisi tuliopewa kazi ya kuwafunza walimu huulizwa mara nyingi: je, mwanga waweza kugeuza umbo la kitu? Waweza. Ndani ya jicho mna molekuli iitwayo retinali, ambayo mwili huifanya kwa vitamini A. Mwanga ukiipiga, umbo lake lililopinda hunyooka, na hapo ndipo kuona kuanzapo. Mtoto aliyekosa mboga za majani na vyakula vingine vyenye vitamini hiyo, jua likichwa hupapasa njia.

Iko nyingine, azobenzini. Mwaka 1937 G. S. Hartley alionyesha ya kuwa mwanga huipinda. Mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho, huifaa sana kazi hiyo. Mwanga wa buluu, au joto, huinyoosha tena.

Wataalamu wakatamani kuitumia kama swichi katika vyombo vidogo mno. Lakini swichi yataka waya, na waya ni metali. Nayo azobenzini ikilazwa juu ya dhahabu hukataa kugeuka. Kwa nini? Shikeni jembe alfajiri. Chuma chaonekana baridi kuliko mpini, ingawa vyote vimelala mahali pamoja, kwa kuwa chuma hunyonya upesi joto la mkono. Dhahabu nayo huinyang'anya molekuli nguvu iliyopewa na mwanga, kabla haijawahi kugeuka. (Mfano wetu si kamili, maana kinachonyang'anywa hapa si joto la mkono, lakini darasani watosha.)

Mwaka 2007 wataalamu wa Berkeley, Marekani, waliitia azobenzini miguu minne iliyofanywa kwa kaboni na haidrojeni, kama kitanda cha kamba. Ikainuka kidogo juu ya dhahabu. Wakaimulika, ikapinda, wakaimulika tena, ikanyooka.

Hapo mtu angedhani dhahabu ni adui tu, na dawa ni kuikimbia. Sivyo, na jambo hili ndilo lililotupendeza kuliko yote. Mwaka 2008 watafiti wa Berlin walionyesha ya kuwa dhahabu yenyewe ndiyo ipokeayo mwanga kwanza. Ikiisha kuupokea, huvuta elektroni kutoka katika molekuli iliyosimama juu yake, na kwa kuvutwa huko molekuli hugeuka. Mnyang'anyi yule yule ndiye aifanyaye kazi, maadamu molekuli haikulala kifuani pake.